Oili na kulanti ya pikipiki: namna ya kuchagua, kukagua na kubadilisha ukiwa Mtwara au Lindi

Msimu wa korosho ukishachanganya, pikipiki za huku kwetu hazipumziki. Anayetoka Tandahimba anawahi mnada, anayerudi Newala kabeba abiria wawili na kiroba katikati, na vumbi jekundu linawasubiri wote. Ni msimu kama huo kijana mmoja alinifikia kijiweni Mtwara mjini akiisukuma Boxer yake kwa mkono.

"Shikamoo, mjomba. Chombo kinanguruma lakini hakiendi."

"Marahaba. Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Nimemwaga oili tu juzi. Tena safari hii nilinunua ile ya bei, ya sintetiki."

Nikamwomba chupa. Alikuwa nayo kwenye mkoba, imebaki kidogo ya kuongezea. Mbele ina picha ya gari dogo na namba 5W-30, nyuma kuna maandishi ya Kiingereza yanayosema oili hiyo inasaidia kuokoa mafuta. Oili nzuri kabisa, kwa gari. Nilipofungua upande wa klachi, pleti zilikuwa nyeusi na laini, zinang'aa kama kigae kilicholowa, na vyuma vya katikati vimeingia rangi ya bluu kwa joto. Alikuwa amepandisha mlima wa Newala kutokea bonde la Ruvuma, kila akivuta resi injini inalia, gurudumu halipati nguvu, naye anazidi kuvuta.

Chombo kilikuwa cha mkataba. Siku alizokaa akisubiri pleti mpya, hesabu ya tajiri, ile fedha ya kila siku ya mwenye chombo, haikusimama. Kilichoniuma ni kwamba hakuwa mzembe. Aliongeza fedha ili kuitunza pikipiki, na fedha hiyo ndiyo iliyomponza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza chupa ya oili inasomwaje. Naandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote anayekula kwa pikipiki huku kusini.

Oili moja, kazi tatu

Kwenye gari la kawaida la gia za mkono, injini ina oili yake, gia boksi ina oili yake, na klachi iko kavu. Kwenye pikipiki nyingi tulizonazo, ziwe Boxer, TVS, Honda au za Kichina, lita ile ile moja inalainisha pistoni na kamshafti (chuma kinachofungua vali), inapita kwenye meno ya gia, halafu inaziogesha pleti za klachi.

Kazi hizi zinavutana. Pistoni inataka utelezi, klachi inataka pleti zishikane. Oili nyingi nyepesi za magari ya kisasa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Dawa hiyo ikifika kwenye pleti za pikipiki, zinateleza, zinapata joto, zinaungua. Huwezi kuiona kwa macho wala kuihisi kwa vidole. Utaijua kwa kusoma chupa tu.

Meno ya gia nayo yana lao. Yanaisaga oili, yanazikata chembe zinazoipa uzito wake, hivyo oili inakuwa nyepesi hata kabla haijachafuka. Zaidi ya hapo, gari dogo lina lita tatu au nne za kugawana kazi, wewe una karibu lita moja, na kwa injini inayopoozwa na upepo oili hiyo hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto. Kwa hiyo ratiba ya dereva wa teksi usiihamishie kwenye pikipiki yako.

Hatua ya kwanza: tafuta kitabu chako kinasema nini

Kabla ya kuuliza kijiweni, kabla ya kuniuliza hata mimi, fungua kitabu cha maelekezo kilichokuja na pikipiki. Unatafuta namba ya uzito, kwa mfano 20W-50, herufi za ubora, yaani JASO (kiwango cha Wajapani) na API (cha Wamarekani), na ujazo. Bajaj wanataka 20W-50 kwa Boxer. Honda wanaandika 10W-30 yenye JASO MA kwa pikipiki zao nyingi ndogo. Wote wako sahihi, kila mmoja kwa injini aliyoitengeneza mwenyewe, na nafasi zinazoachwa kati ya vyuma vyake.

Kitabu kimepotea? Pikipiki nyingi zimechongwa ujazo wa oili kwenye bloku, karibu na kifuniko cha kujazia. Pangusa vumbi, utaona 1.0 au 0.9 au namba nyingine karibu na hapo. Kuhusu uzito, msimamo wangu kwa pikipiki isiyo na kitabu, ya ukubwa wa cc 100 hadi 200, inayopoozwa na upepo na kufanya kazi ya bodaboda kwenye joto letu, ni 20W-50 yenye JASO MA. Lakini kama kitabu kipo na kinasema kingine, fuata kitabu.

Namba zile maana yake nini

Fikiria tui. Tui la kwanza ni zito, linashika mwiko. La pili ni jepesi. Oili nayo iko hivyo, ila yenyewe inabadilika kwa joto: ikiwa baridi ni nzito, ikichemka inalegea. Namba mbili za kwenye chupa zinaeleza tabia yake katika hali hizo mbili.

Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi, tena baridi ya nchi zenye barafu. Oili ya 20W inapimwa kama inasukumika kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Hakuna usiku wa Newala, hata Julai ukiwa umejifunika blanketi mbili, unaokaribia hapo. Kwa hiyo kulipa zaidi ili upate 5W badala ya 20W, kwa sababu ya namba hiyo peke yake, ni kununua koti la barafu ukalivalie Mikindani.

Namba ya pili ndiyo yetu. Inaeleza uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde, oili ya 30 inaanzia 9.3, ya 40 inaanzia 12.5 na ya 50 inaanzia 16.3. Ngazi hizo zina tofauti kubwa. Ukiwa umebeba mzigo kwenye mchanga wa Msimbati, gia ya pili, mwendo mdogo, upepo wa kupooza silinda haupo, ule utando mwembamba wa oili kati ya ringi na silinda ndio unaozuia chuma kisikwaruze chuma.

Hapo kuna kosa ninaloliona kila wiki. Injini ikianza kugonga, mtu anatafuta oili nzito zaidi, au anamimina dawa ya kuongeza uzito, na kelele inapungua. Anafurahi. Kilichonyamazishwa ni kelele, ugonjwa upo pale pale. Oili iliyozidi uzito inachelewa kupanda hadi kwenye kamshafti asubuhi unapowasha, na dakika hizo za mwanzo ndizo zinazokula vyuma. Kama inagonga, rekebisha tepeti (nafasi za vali), kagua cheni ya ndani, kisha ndipo uzungumzie oili.

Oili iliyoandikwa SAE 40 tu, bila W, achana nayo. 

Herufi zinazookoa klachi

Hapa ndipo kijana wa Newala alipopotea. Geuza chupa nyuma, tafuta neno JASO. Hicho ni kiwango cha Wajapani, T 903, kilichoanza mwaka 1998 kwa ajili ya oili za pikipiki za 4T, yaani za injini ya mapigo manne, baada ya kuonekana kwamba oili za magari zinateketeza klachi. Mara nyingi utakuta kisanduku kidogo chenye nambari ya usajili na chini yake herufi kubwa.

MA maana yake pleti zitashika. MA2 zinashika zaidi, na MA1 iko ngazi ya chini yake ndani ya kundi hilo hilo. Zote tatu ni halali kwa pikipiki ya gia yenye klachi inayoogelea kwenye oili, isipokuwa kitabu chako kimetaja MA2 kwa jina. MB ni oili yenye utelezi mwingi, nayo ni ya skuta zisizo na gia za mguu, ambazo klachi yao iko kavu. Ukiweka MB kwenye Boxer umerudia kosa lile lile kwa njia nyingine.

Herufi za API zinafuata baadaye. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli, na herufi ya pili inapanda kadiri kiwango kinavyokuwa kipya: SL ilianza 2001, SN 2010, SP 2020. Vitabu vingi vya pikipiki ndogo vinaridhika na SG au SJ kwenda mbele, vingine vinataka SL. Chupa ikiwa na SN au SP lakini haina JASO, upya wake hautaiokoa klachi yako. Ndiyo sababu nasema JASO kwanza.

Vipi ile oili ya malori, 15W-40, ambayo rafiki dereva anakupa iliyobaki? Inalainisha injini vizuri, sikatai. Lakini kama chupa haina JASO MA, klachi umeiweka kwenye bahati nasibu.

Kuhusu madini, nusu sintetiki na sintetiki kamili, sitakawia. Sintetiki inavumilia joto na kusagwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa bodaboda anayetembea kwenye vumbi, ambaye oili yake itachafuka kabla haijachoka, naona oili ya madini iliyo sahihi, ikimwagwa kwa wakati, inamtosha. Mwenye pikipiki kubwa ya safari ndefu, Mtwara hadi Dar es Salaam, sintetiki ina faida kwake.

Hatua ya pili: dukani, ukiwa na chupa mkononi

Niliwahi kununua lita moja dukani, chupa safi, jina kubwa. Nikaimimina kwenye pikipiki yangu mwenyewe. Wiki haikuisha, injini ikaanza kulia juu kwenye hedi, kichwa cha injini, kama mtu anayegonga kijiko kwenye bati. Nilipofungua, kamshafti ilikuwa imeliwa, imeota michirizi unayoihisi kwa ukucha. Nikairudia chupa ile nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza: karatasi ya fedha chini ya kifuniko ilikuwa imebandikwa kwa gundi, na namba ya kutengenezwa iliyopigwa chupani ilifutika kwa kidole. Ilikuwa chupa ya zamani iliyojazwa upya.

Tangu siku hiyo nakagua hivi, na sioni aibu mwenye duka akinitazama. Pete ya kifuniko lazima iwe haijakatika. Fungua hapo hapo dukani, angalia karatasi ya ndani imeshikana na mdomo wa chupa pande zote bila alama ya gundi. Namba ya kutengenezwa ipo, inasomeka, haifutiki kwa kidole kilicholowa. Maandishi ya lebo hayana makosa ya herufi, rangi haijafifia upande mmoja. Tafuta pia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mimina tone kwenye kiganja: oili mpya haina harufu ya kuungua, haina weusi, na ukiisugua kati ya vidole huhisi punje yoyote. Na bei ikiwa chini mno kuliko duka la jirani kwa chupa ile ile, jiulize tofauti hiyo imetoka wapi.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa au dumu, ninakuomba uiache. Sisemi kila muuzaji ni mwizi. Nasema huna pa kusoma JASO kwenye dumu lisilo na lebo.

Na wewe ukimaliza chupa, itoboe kwa bisibisi kabla ya kuitupa. Chupa nzima zenye lebo nzuri ndizo zinazonunuliwa na wanaojaza upya.

Kwa wakulima wa korosho kuna tahadhari moja ya ziada. Mashine ya kupulizia salfa inatumia injini ya 2T, ya mapigo mawili, ambayo oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Pikipiki yako ni 4T. Chupa hizi zinakaa rafu moja dukani na mara nyingi kona moja nyumbani. Oili ya 2T imetengenezwa iungue pamoja na mafuta, haiwezi kubeba injini ya 4T wala gia zake. Nimeshaletewa pikipiki iliyojazwa 2T na mtoto aliyetumwa na baba yake shambani. Weka alama ya rangi kwenye kifuniko kimoja, mchezo uishe.

Hatua ya tatu: kumwaga na kujaza

Washa injini dakika tatu hadi tano ipate uvuguvugu. Oili yenye uvuguvugu inatoka na uchafu wake. Oili baridi inauacha chini. Isiwe imetoka safarini ikichemka, utaungua mkono.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, pahali tambarare. Weka beseni chini, fungua kifuniko cha juu ili hewa iingie, kisha legeza nati ya chini. Oili ikitoka, usikimbilie kuangalia simu. Itazame, kwa sababu sasa injini inakupa taarifa. Weusi peke yake si ugonjwa. Oili nzuri inabeba masizi, hivyo lazima iwe nyeusi. Ikinuka petroli na imekuwa nyingi kuliko ulivyoweka, kabureta inavujisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ukiikinga juani ikameremeta kama rangi ya kucha, ni vyuma vinasagika, na ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usiwashe tena mpaka fundi afungue.

Acha ichuruzike dakika kumi. Pikipiki za muundo wa CG, ambazo ni nyingi kati ya za Kichina, zina chujio la wavu na springi nyuma ya nati kubwa ya kumwagia. Litoe, lioshe kwa petroli, likauke, ulirudishe kama lilivyokuwa. Mafundi wengi wa haraka hawaligusi kabisa. Kama yako ina filta ya karatasi, badilisha kwa ratiba ya kitabu.

Rudisha nati ikiwa na washa (ile pete bapa ya chini yake) nzima. Kaza kwa spana ya kawaida, ikishika ongeza kidogo tu. Bloku ni aluminiamu, na uzi ukiharibika pale gharama yake inazidi oili ya miezi. Kisha mimina, ukianza na pungufu kidogo ya ujazo wa kitabu. Washa dakika moja, zima, subiri dakika mbili tatu, ndipo upime. Angalia kitabu kinataka dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ipimwe vipi: pikipiki nyingi zinataka uichomeke bila kuizungusha kwenye uzi, na ukiizungusha inakudanganya. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu.

Usizidishe. Nimewasikia wanaosema kuongeza kidogo ni kuipenda injini. Oili ikizidi, inapigwa povu, inapanda kwenye bomba la kupumulia, inalowesha filta ya hewa na kusukuma sili. Povu halilainishi kitu.

Lini umwage

Ratiba za vitabu zinadhani barabara nzuri na mzigo wa kawaida. Kwa bodaboda wa huku, mwenye oili ya madini, mimi nasema kila kilomita 1,500 hadi 2,000, na pikipiki mpya ile ya kwanza kabisa fuata kitabu, ambayo huwa mapema zaidi. Hesabu mwenyewe: ukitembea kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni kilomita 720. Kila wiki mbili na nusu hivi, siku yako imefika. Kama dashibodi imekufa, hesabu kwa wiki. Deiwaka, yule anayekushikia pikipiki kwa siku, naye aambiwe, kwa sababu pikipiki yenye waendeshaji wawili ndiyo ambayo kila mmoja anadhani mwenzake amemwaga.

Kupima kiwango ni kitu kingine, hicho ni kila asubuhi kabla ya kuwasha. Pikipiki iliyozeeka inakula oili bila kuvuja hata tone. Nyingi zinazokufa mikononi mwangu hazikufa kwa oili mbaya. Zilikufa kwa kukosa oili.

Yapo mambo yanayokulazimisha umwage mapema. Wakati wa kupuliza salfa, unga wake unajaa kwenye filta ya hewa, na mchanga wa Tandahimba nao hauko nyuma. Filta ikiziba au ikipasuka, uchafu unaishia kwenye oili. Safisha filta mara mbili zaidi ya kawaida. La pili ni maji. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Somanga, watu wengi walivusha pikipiki kwenye maji yaliyofika juu ya injini. Ukishavuka maji ya namna hiyo, usisubiri kilomita. Zima, legeza nati, angalia rangi. Ikiwa chai ya maziwa, mwaga, weka oili ya bei nafuu iliyo sahihi, tembea kidogo ipate moto, mwaga tena, ndipo uweke ya kukaa.

Kulanti: kwanza jua kama inakuhusu

Pikipiki yenye mapezi kwenye silinda, isiyo na rejeta, haina kulanti, yaani yale maji ya dawa ya kupooza injini. Boxer na pikipiki nyingi za bodaboda ziko hivi. Upepo ndio kulanti yako, kwa hiyo toa tope lililoganda kati ya mapezi, na usifunge kiroba mbele ya injini. Zipo chache zenye kirejeta kidogo cha oili. Humo hupita oili ile ile, usimimine kitu.

Kulanti inawahusu wenye rejeta ya maji: toyo nyingi za mizigo za magurudumu matatu, zile zinazobeba madumu ya maji, saruji na magunia, pamoja na pikipiki kubwa za kisasa. Na hapa nina neno zito, kwa sababu toyo nyingi ninazofungua hazijawahi kuonja kulanti. Zimejazwa maji ya kisima tangu siku ya kwanza.

Angalia sufuria ya kuchemshia maji nyumbani kwako, ule ukoko mweupe unaoota ndani. Ndio huo huo unaoota kwenye mirija ya rejeta, mirija ambayo baadhi yake haipitishi hata punje ya mchele. Visima vya pwani yetu vina chumvi, na chumvi inakula aluminiamu ya rejeta na ya hedi. Niliwahi kufungua kifuniko cha pampu ya maji ya toyo moja nikakuta mapanga ya pampu yameliwa yakabaki vijiti. Mwenye toyo alikuwa anashangaa kwa nini inachemsha wakati maji anajaza kila siku.

Kulanti ni glikoli, maji safi, na dawa za kuzuia kutu. Wenzetu wa nchi za baridi wanaitaka isigande. Sisi tunaitaka kwa sababu mbili nyingine: dawa ya kutu, na kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachemka kwenye nyuzi 106 au 107 hivi badala ya 100, na kifuniko cha rejeta chenye mgandamizo kinapandisha kiwango hicho zaidi.

Unachokitafuta dukani ni kulanti ya injini za aluminiamu, na kwa pikipiki iwe isiyo na silikati ikiwa kitabu kinasema hivyo, maana silikati zinaweza kusaga sili ya pampu. Soma kama ni ya kumimina moja kwa moja au ni ya kuchanganya. Ile ya kuchanganya usiimimine peke yake ukidhani unaimarisha. Glikoli tupu inabeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi. Uliza mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana, na hiyo ikiingia kwenye rejeta umekwisha.

Rangi isikuongoze. Kijani, nyekundu, bluu, kila mtengenezaji ana yake, na mbili za rangi moja zinaweza kuwa na dawa zinazogombana hadi zikatengeneza uji. Usichanganye aina.

Kubadilisha kulanti

Injini iwe baridi kabisa, iliyolala usiku. Kifuniko cha rejeta ya moto kikifunguliwa kinarusha mvuke usoni, na makovu ya namna hiyo ninayaona kwa mafundi wenzangu.

Fungua bomba la chini, mwaga kwenye beseni. Kama ilikuwa maji ya kisima, jaza maji safi, washa ipate joto hadi themostati ifunguke, zima, acha ipoe, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Mzunguko wa mwisho tumia maji ya betri. Kisha mimina kulanti polepole, ukiminyaminya mipira ya rejeta ili hewa itoke. Washa bila kufunga kifuniko, angalia mapovu yanapungua na kiwango kinashuka, ongeza, funga. Kopo la akiba lijazwe kati ya alama mbili. Kesho yake asubuhi kagua tena, kwa sababu hewa iliyojificha hutoka baada ya safari ya kwanza.

Miaka miwili ndiyo ratiba ya kawaida, isipokuwa kitabu kimesema zaidi. Ikipungua mara kwa mara na huoni inapovujia, chungulia oili. Chai ya maziwa kwenye dipstiki, pamoja na moshi mweupe usiokoma, ni gasketi ya hedi imekufa. Ukiishiwa njiani, pale katikati ya Mtama na Masasi, subiri ipoe kisha weka maji yoyote safi ufike. Ukifika, safisha yote, usiyaache humo.

Vilivyobaki kwenye beseni

Glikoli ina utamu, na ni sumu. Mbwa, mbuzi na mtoto wanaweza kuilamba. Usiiache kwenye beseni uani hata kwa nusu saa, na usiihifadhi kwenye chupa ya soda.

Oili chafu isimwagwe mchangani. Mchanga wetu unapitisha kila kitu, na kisima cha jirani kiko chini ya hapo. Ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko, uiandike kwa rangi, ukae nalo mpaka upate gereji inayokusanya. Kijiweni kwetu tuna dumu moja la lita 20 lililofungwa kwa mnyororo kwenye mwembe, na yeyote anayemwaga oili nyumbani anaruhusiwa kuleta ya kwake bure, ilimradi hajachanganya na kulanti.